Bibi Auleria ni Kaya ya Nani?

Jumanne, saa tatu asubuhi, afisa ustawi wa jamii alikuwa hajafika Mabira. Alikuwa anakuja kuandikisha kaya zitakazoingia kwenye mpango wa msaada. Kwenye benchi la Sperancia, muuza kahawa aitwaye Mama Birika, hakuna aliyebisha kwamba bibi Auleria, mjane asiye na mtoto, anastahili. Ubishi ulikuwa kama yeye ni kaya. Mwenyekiti wa kitongoji alishatangaza: kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Na Auleria hula kwa majirani.

— Basi hayumo, alisema Melkiory, mzee anayeitwa Spika kwa sababu hugawa zamu za kusema. Profesa, zamu yako.

Profesa ni Clavery. Alisoma sosholojia muhula mmoja Bukoba na hajaacha kuusimulia.

— Jamii ni mfumo, Spika. Akila kwako, huyo ni wa kaya yako.

— Kwangu? Mke wangu atauliza nimeoa lini!

— Kesho akila kwangu, amehamia kwangu.

— Kumbe bibi wa watu anahama kila siku bila kubeba godoro, alisema Mama Birika.

— Sikilizeni. Kwenye msiba wa mzee Elpidius kijiji kizima tulikula pamoja. Kisayansi, siku ile Mabira ilikuwa kaya moja.

— Mkuu wa kaya nani?

— Marehemu.

— Toka hapa! Na birika hili je? Si tunalinywa sote tangu alfajiri?

— Nasi ni kaya, Spika. Sayansi haina upendeleo.

— Basi mkuu ni mimi, alisema Mama Birika. Mbona kaya yangu haina hata mmoja anayeosha kikombe?

Bodaboda ilisimama. Akashuka mwanamke mwenye vumbi hadi kwenye nyusi.

— Shikamooni. Naitwa Joyness, wa ustawi wa jamii.

Walimpa kahawa na ubishi wote, tangu mwanzo. Alisikiliza hadi kikombe kikaisha.

— Nimewaelewa. Leo huyo bibi amekula kwa nani?

Spika akamgeukia Profesa.

— Si kwako?

— Mimi nilijua ni kwa Mama Birika.

— Nami niko hapa tangu alfajiri! Jana je?

Spika alisahau kugawa zamu.

Mama Birika aliinuka wa kwanza, wengine wakamfuata. Walimkuta Auleria nyuma ya nyumba yake, anamenya ndizi. Maharage yalikuwa yakichemka mekoni.

— Shikamoo bibi. Kumbe unapika? aliuliza Mama Birika.

— Marahaba. Mlidhani nakula upepo?

— Sasa kwetu huwa unafuata nini?

— Watu. Nikichoka kula peke yangu, natoka. Leo mmekuja wenyewe. Kaeni.

— Tuna haraka kidogo, bibi, alisema Profesa.

— Kaa, Clavery.

Saa saba mchana, watu watano walikula chungu kimoja nyumbani kwa Auleria. Joyness alimwandika bibi kuwa mkuu wa kaya. Vyombo aliosha Spika.