Mkomamanga wa Fundi Jalada

Ndugu waombolezaji, naomba tutulie kidogo, tumsikilize Fundi Jalada kwa mara ya mwisho, ingawa leo anasemewa, jambo ambalo hakulipenda hata kidogo.

Kaka yangu huyu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa seremala na mshona nguo, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, na Januari 1968 akaingia chumba cha kujalidi vitabu katika kiwanda cha uchapaji, akashona kurasa na kupaka gundi kwa miaka arobaini na mitatu, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011 akiwa na vidole vyote kumi, ambavyo alijivunia kuliko vyeti, maana mashine ya kukatia karatasi haina rafiki.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja. Mwaka uliofuata alichomeka kijiti cha mkomamanga karibu na mlango wa jikoni, penye kokoto tupu, shemeji akamuuliza kama sasa ameanza kupanda kuni, naye akajibu kwamba mti huu hautaki kubembelezwa. Ukashika, ukachanua maua mekundu ya kusimamisha wapita njia, ukazaa, na kila aliyeomba kijiti alipewa pamoja na onyo lilelile, asiudekeze.

Mwezi Mei 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, tukamhamisha hospitali tatu kwa miezi minne, yeye akiogopa jambo moja tu, kufia mbali na nyumba yake, nasi hatukumsikia. Kwa woga huohuo, mhubiri wetu huyu wa kutodekeza mti aliwaita pembeni, mmoja mmoja kwa siri, mkewe, mwanawe, jirani yake nesi mstaafu, na mimi mdogo wake, akamwomba kila mmoja autazame mti, kila mmoja akajiona ndiye mteule, basi ukamwagiliwa maji mara nne kwa siku. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, lakini hawakuuona mkomamanga ule, maua yakapukutika, matunda yakapasuka yangali machanga. Binti yake mkubwa alipomweleza, alicheka mpaka akakohoa, kisha akalia, akasema tunampenda vibaya, yeye na mti wake, tuweke ndoo chini na tumrudishe nyumbani.

Tulimrudisha tarehe 2 Oktoba, akalala chumba cha nyuma, dirisha wazi, bila sindano wala safari, na tarehe 19, saa kumi alasiri, akafariki dunia mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Tunawashukuru madaktari waliokubali kumwachia, majirani waliotupikia, na wenzake wa kiwandani waliobeba jeneza. Shemeji amekutwa leo asubuhi mlangoni mwa jikoni na jagi la maji, tukamwacha amimine. Pumzika kwa amani, kaka, hatutakuhamisha tena.