Mkono wa Amani

Kwenye basi la Magindu, Mama Kabula alimsimulia Bi Shamsia, ambaye walifahamiana naye humohumo, habari za binti yake anayesoma Ulaya. "Kanisani, wakati wa kutakiana amani, hakuna aliyempa mkono, kisa weusi wake. Padri akashuka altareni, akampa yeye, akasema misa haiendelei mpaka wote wampe." Hapo mimi, niliyeketi nyuma yao, niliacha kujifanya nimelala.

"Wakampa?" aliuliza Bi Shamsia.

"Wakampa. Wengine wakatoka nje."

Bi Shamsia alifikiri kidogo. "Sasa dada, amani ya kulazimishwa nayo ni amani?"

"Mkono kwanza, moyo utafuata. Jumapili iliyofuata bibi mmoja alimwekea nafasi kwenye benchi lake."

"Mmoja tu?" Bi Shamsia aliuliza kwa huzuni.

"Mmoja!" alijibu Mama Kabula kwa furaha, na basi likasimama Magindu.