Kofia Iliyo Pichani: Maisha ya Eliana Enock Stefano, 2008–2025

Huyo mnayemwona mbele ya karatasi hizi za mazishi, ameshika kofia ya mwanamume, ndiye marehemu mjukuu wangu Eliana. Tangu jana wengi mmeniuliza habari ya hiyo kofia. Nitafika huko, mnivumilie, maana mimi husema kwa kuzunguka.

Marehemu alizaliwa hapa Kinyangiri tarehe 14 Machi 2008, mtoto wa pili wa mwanangu Enock na mkewe Aneth. Alikuwa na miaka mitatu tulipoambiwa ana selimundu, ule ugonjwa wa damu unaokamata mifupa na kifua. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna aliyelala usingizi mzito. Upepo wa mwezi wa saba ukivuma, mama yake alikuwa anaamka kumgusa miguu kama ina joto.

Alianza darasa la kwanza mwaka 2015 hapa hapa kijijini, akamaliza la saba mwaka 2021, akaendelea na sekondari ya kata. Alikuwa kidato cha nne. Vipindi vingi vilimpita kwa kulazwa, ila mitihani alifanya.

Kazi yake ilikuwa picha. Hakuajiriwa na mtu, lakini naiita kazi kwa sababu alijituma kuliko sisi tunavyolima. Alianza akiwa na miaka kumi na mitatu, na simu ya kupangusa ya baba yake, yenye ufa kwenye kioo. Jua likianza kulala alitoka kwenda kwenye alizeti, nami natumwa nimfuate na sweta na chupa ya maji. Nilibaki nyuma nyuma asione haya. Sasa kila aliposimama, moyo wangu nao ulisimama. Amesimama kupiga picha, au maumivu yamemkamata? Akiinua simu usoni, nashusha pumzi. Akiendelea mbele, naanza tena.

Wazee mnajua, hapa kwetu mtu mzima akipigwa picha peke yake, ukutani, na nguo za kanisani, hiyo ni ya kuwekwa juu ya jeneza. Jirani yetu Bibi Selina alipoombwa alimjibu, "Mbona unaniharakisha, mjukuu? Kwani kaburi ni basi, nitalikosa?" Eliana akaenda uani akamkamatia kuku. "Shika huyu, bibi. Picha ya msiba haina kuku." Bibi Selina alicheka mpaka kuku akamponyoka. Kuanzia hapo kila aliyepigwa picha alishika kitu: jembe, ungo, mbuzi mchanga. Mchungaji wetu alishika pampu ya baiskeli.

Nimeambiwa nieleze na ndoa. Hakuolewa, alikuwa mwanafunzi. Alipiga picha harusi mbili, na kote alimlaumu bwana harusi kwa kununa.

Mwezi wa saba mwaka huu kifua kilimbana, tukampeleka hospitali ya rufaa Singida mjini. Tarehe 8 Agosti alijaribu kuinua simu, mkono ukarudi kitandani. Akanipa mimi.

"Babu, leo piga wewe."

Sikuwahi kupiga picha maishani mwangu, na nilielewa hiyo ni picha ya nini. Niliona nikibonyeza ni kama nimekubali. Aliniangalia, akaangalia kitandani, hapakuwa na kitu cha kushika.

"Nipe kofia yako," akasema. Akaikumbatia. "Haya. Sasa siyo ya msiba."

Nikabonyeza. Akaitazama, akasema imetikisika kidogo, ila ni yeye.

Alifariki kesho yake, tarehe 9 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, mama yake amemshika miguu.

Kijana wa kuchapisha karatasi hizi kule Utemini, Singida mjini, alitaka kuikata kofia ibaki sura peke yake, kama wanavyofanya siku zote. Nilimkatalia, nikasimama nyuma yake mpaka karatasi ya mwisho ikatoka, nikihofia atanizidi akili na ile mashine. Kofia ipo. Ndiyo hiyo mnayoiona.

Ameacha baba yake Enock, mama yake Aneth, kaka yake Kefa, mimi babu yake, na ninyi wote aliowashikisha vitu. Bibi Selina yupo hapa mbele, na kuku bado anao.

Mjukuu wangu na apumzike kwa amani. Na huko aendako, kila atakaposimama njiani, iwe ni kwa kupiga picha tu.