Msianue Ukungu Ukishuka

Bwana asifiwe! Itikieni kwa nguvu, maana ukungu wa leo umeingia mpaka humu ndani na walioketi nyuma siwaoni. Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, mnanijua: mimi ni Neema, yule binti kinyozi wa hapo juu, njia ya kwenda Gare. Nimesimama kushuhudia, na nimesimama na hasira. Mungu anisamehe, au anitumie hivyohivyo!

Sisi watu wa mlima tuna desturi yetu. Asubuhi tunaanika: mahindi, maharage, nguo, magodoro. Ukungu ukianza kushuka kutoka msituni, mtu mmoja anapaza sauti, "Anueni!" na kijiji kizima kinakimbia. Hata mtoto ambaye hajaanza shule anajua kuanua.

Basi muuzaji wa sola, yule wa gari jeupe siku za soko, aliponiuzia paneli alinifundisha kwa maneno yetu wenyewe. "Dada, hii unaianika juani. Ukungu ukija, ianue, isije ikaharibika." Nikamwamini! Nikaianika juu ya banda la kuku, nikaianua kama maharage. Na miezi ya baridi hapa kwetu mnaijua: jua linachungulia kama mgeni mwenye haya, kisha linaondoka bila kuaga. Betri ikawa haipati kitu. Mashine ya kunyolea inanguruma kidogo, inakata roho.

Mzee Kaniki yupo hapa, ni shahidi wangu. Mashine ilizimika katikati ya kichwa chake siku ya Ijumaa, na kesho yake anamwoza binti yake! Akajitazama kwenye kioo, akasema, "Binti, nimekuja kunyolewa, si kulimwa matuta." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya duka nikalia. Duka lile ndilo linalomlisha mama yangu, na wateja walishaanza kupanda pikipiki kwenda kunyolewa mjini Lushoto.

Nikamfuata muuzaji. Mnajua alinijibu nini? "Dada, sola ni ya watu wa jua, wa kule chini. Ninyi watu wa ukungu mnahitaji jenereta. Ninalo moja garini."

Watu wa ukungu! Kana kwamba Mungu aliposema iwe nuru, milima yetu aliiruka!

Jenereta sikuliweza. Nikaamua kufunga duka, nishuke Mazinde, kule chini bondeni, nitafute kibarua, na mama nimwache mikononi mwa majirani. Asubuhi ile nikaianika paneli kwa mazoea tu, nikashuka. Kazi nikapata, ya kuosha vyombo kwenye mgahawa wa barabarani, nikaambiwa nianze Jumatatu. Nikapanda mlima kuja kuaga. Huku juu ukungu ulikuwa umeshuka mapema na haukuinuka kutwa. Mama nikamkuta mlangoni, kanywea.

"Mwanangu, nisamehe. Ukungu umekuja, goti limenikatalia. Sola yako sikuianua."

Nikaenda banda la kuku. Paneli imelowa, inachuruzika maji. Nikasema, basi, ndiyo imekufa. Nikaingia dukani, nikabonyeza swichi ya mashine.

Ndugu zangu, ikanguruma! Ikanguruma na isizimike! Mama akaja akichechemea, akauliza, "Nani unamnyoa?" Nikamjibu, "Simnyoi mtu, mama. Nasikiliza!"

Kesho yake nikaiacha nje makusudi. Na siku iliyofuata. Haikujaza betri kama siku ya jua kali, siwadanganyi hapa mbele ya madhabahu. Lakini mwanga unapenya ukungu! Mwanga uleule unaotufanya tuonane mchana bila taa, ndio uliokuwa ukiingia kwenye paneli. Adui hakuwa ukungu. Adui alikuwa kuanua!

Siku ya soko nikamwendea muuzaji mbele ya watu. "Kaka, paneli inafanya kazi kwenye ukungu." Hakushangaa. Hakubisha. Aliuliza tu, polepole: "Nani kakwambia?"

Nani kakwambia! Kumbe alijua! Ni mama zetu wangapi wanavuta moshi wa kibatari huku paneli zimelala uvunguni, zimefunikwa kanga, kwa sababu mtu alitaka kuuza jenereta? Hilo ndilo linaloniunguza, ndugu zangu. Alichukua hekima ya wazee wetu akatufungia nayo mlango.

Mazinde sikwenda. Leo paneli imefungwa juu ya paa na haishuki. Nimeongeza ya pili kwa ajili ya miezi ya baridi, na betri nzuri ya kutunza umeme mvua inapogoma kuacha. Mzee Kaniki, vua kofia waone! Mnaona matuta hapo?

Namshukuru Mungu aliyelikataza goti la mama. Nawe uliyeambiwa kwamba mahali ulipozaliwa hapafai kupata mwanga, mtumaini Yeye. Tukitoka hapa nenda nyumbani, itoe paneli uvunguni, iweke nje katika ukungu huuhuu. Na moyo wako uweke hapohapo. Atakayekupigia kelele, "Anua!" muulize kwanza anauza nini.