Boriti Kabla ya Tangi

Mwashi mwenye macho ya manjano alimweleza mama aliyeketi naye basini kwamba dada yake amekubali kumpa kipande cha ini, ila leo madaktari wanampima yeye mwenyewe moyo kwanza.

Mama yule, ambaye mdomo wake haujui likizo, akadakia, "Ini ndilo bovu, moyo umekosa nini?"

"Mama, utapandisha tangi la maji darini bila kugonga boriti usikie kama ni nzima? Ini jipya litausukumia moyo damu kwa kishindo."

"Na boriti ikikutwa imeliwa na mchwa?"

"Itatibiwa kwanza. Dada yangu hakatwi bure."

Basi liliposimama hospitalini, mwashi alishika chuma akashuka mwenyewe, polepole. Ndipo mama akatoa kichwa dirishani: "Waambie hiyo boriti waigonge sawasawa!"