Redio ya Kocha Haverkamp

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, Dakta Pruitt; waheshimiwa wajumbe wa Bodi; wachezaji wa jana na wa leo; ndugu wageni waalikwa, pamoja na nyinyi mliojibanza kule nyuma karibu na nyama ili msipitwe: habari za jioni.

Aliyepaswa kusimama hapa ni mume wangu, Kocha Wendell Haverkamp, anayestaafu leo baada ya kuifundisha timu yenu ya mpira wa Kimarekani kwa miaka kumi na minne. Lakini mnamjua. Akiwa pembeni ya uwanja anasikika mpaka mji wa pili. Mbele ya maikrofoni anageuka bubu. Kwa hiyo mmeletewa mkewe, Lorna, na mkewe ana la kusema.

Wiki iliyopita nilikwenda dukani kwa Bwana Stubblefield kununua misumari. Akaniuliza bila kuzunguka: "Bi Lorna, hivi huyu mzee alitupenda kweli, au tulikuwa tunamlipa tu?"

Nikalipia misumari, nikarudi nyumbani na swali lake. Nani asingeuliza? Nyinyi ni chuo chetu cha tatu. Desturi mnaijua: kocha akiajiriwa, kina mama wa mji wanafika siku hiyohiyo na bakuli la viazi vya kuoka na mfuko wa nguo za rangi ya chuo, na nguo za rangi ya zamani zinapelekwa kanisani wapewe wahitaji. Kule Iowa tulivaa kijani hadi soksi. Kentucky tukawa zambarau. Hapa mmetuvisha chungwa, rangi ambayo, mniwie radhi, haijanipendeza hata siku moja. Mtu anayebadilisha soksi namna hiyo, moyo wake utauaminije?

Mimi mwenyewe niliwahi kumshuku. Tulipokuwa Kentucky, kila Jumamosi baada ya mechi, awe ameshinda au ameshindwa, alikuwa akirudi nyumbani, anaingiza gari gereji, na hashuki. Chakula kinapoa mezani. Nikajiambia, huyu ana mwanamke. Siku moja nikaenda nikaufungua mlango wa gari kwa nguvu. Alikuwa peke yake, sikio kwenye redio inayokwaruza, akisaka matokeo ya kile chuo kidogo cha Iowa tulichokihama. Walikuwa wamefungwa vibaya, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Si ni wewe uliyewaacha?" nikamuuliza.

"Bado wanaacha upande wa kushoto wazi, Lorna," akanijibu. "Yule mpiga pasi wangu wataniumizia."

Wangu! Wakati huo hapakuwa na kijana hata mmoja pale ambaye yeye aliwahi kumfundisha.

Tulipohamia kwenu, akaongeza na Kentucky. Miaka yote hii nimekula chakula cha Jumamosi peke yangu, nikiitazama taa ya gereji kupitia dirisha la jikoni, nikitamani walau mara moja anitafute mimi kama anavyozitafuta zile stesheni. Nalisema hili kwa uchungu, na nalisema mbele yake, maana hapa hana gari la kukimbilia.

Basi, Bwana Stubblefield, jibu lako ni hili. Alipokuwa nanyi, aliwafanyia kazi. Kila wiki alikuwa na mechi ya kushinda, akili haikuwa na nafasi ya kitu kingine. Mume wangu hupenda akishaondoka. Kesho kutwa tunahamia Nebraska, karibu na dada yangu. Nguo za chungwa zitakwenda kanisani kama kawaida. Na msimu ukianza, Jumamosi ya kwanza tu, atakuwa anawatafuta nyinyi.

Ila hatawatafutia garini. Nyumba niliyoichagua haina gereji, na misumari ile ni ya rafu ya jikoni, mkabala na kiti changu, ambapo redio itakaa. Mkifungwa, na mtafungwa, tutaumia wawili, na chakula kikiwa cha moto.

Asanteni sana kwa kunisikiliza mimi leo. Kuanzia Septemba, sisi ndio tutakaowasikiliza nyinyi.