Nakshi za Bibi Hedvig

Pale Fisksätra, nchi ya Waswidi, ukishuka kwenye treni ya Saltsjöbanan na kuyapa mgongo maghorofa mapya, kuna benchi moja linalotazama kilima. Juu ya kilima ipo nyumba ya Bibi Hedvig, villa ya mbao ya miaka tisini na ushei, yenye kimnara kilichovaa paa la ncha, baraza la vioo vya rangi, na ukingo wa paa uliojaa nakshi za majani na maua, vipande sitini, kimoja kando ya kingine kama kamba ya lesi. Kila Ijumaa, zamu za asubuhi zikiisha, wanne hukutana hapo: Profesa, jina lake Ladislaus, aliyetoka Bukoba kusomea misitu akaishia kuchambua barua posta, Mashauri wa Mwanza, aitwaye Injinia kwa sababu anachomelea vyuma, Gaudiosa wa dobi ya hospitali, ambaye bila chupa yake ya kahawa pasingekuwa na kijiwe, na Samwiri, seremala wa Masaka, mkimbizi wa mwaka wa nne sasa. Ijumaa hiyo ya Mei 1977 kahawa ilikuwa imekwisha miminwa, lakini Samwiri hakuigusa yake. Mkaguzi wa majumba ya kale alikuwa kilimani tangu saa nane. Akiridhika kwamba nyumba bado ni ile ile, sheria itailinda. Asiporidhika itavunjwa, paegeshwe magari, na Bibi Hedvig aliyezaliwa chumba cha juu atapelekwa kwenye makao ya wazee.

— Kunywa, Fundi, — alisema Gaudiosa. — Kahawa haijakukosea.

— Banange, jamani dada, haipiti.

— Haipiti kwa nini? Nyumba si yako.

— Nyumba si yangu. Nakshi ndizo zangu.

Mashauri akageuka mzimamzima.

— Zote?

— Karibu nusu.

Kijiwe kizima kikanyanyua macho kilimani. Hakuna aliyeweza kusema ni nusu ipi.

— Mimi sioni tofauti, — alisema Profesa.

— Ndiyo shida yenyewe, — alisema Samwiri.

Akawaeleza. Bibi Hedvig alimwita kiangazi cha mwaka juzi abadilishe vipande vilivyooza. Sasa, kwenye karakana ya baba yake Masaka, mwanafunzi aliyeziba kitu na kiraka kikaonekana alirudishwa kuanza upya mbele ya mteja. Fundi ni yule ambaye kazi yake haijulikani ilipoanzia. Basi Samwiri alichora kila kipande kilichooza juu ya karatasi, akakata msonobari kwa msumeno mwembamba, akachonga kwa patasi, kisha akavisugua vipande vipya kwa masizi ya jiko na machicha ya kahawa, mara tatu, hadi vikapata weusi wa wazee wao. Bibi Hedvig alisimama chini na miwani yake, akatafuta, akashindwa, akapiga makofi. Samwiri alilala usingizi mzuri siku ile. Halafu wiki mbili zilizopita ikaja barua: nyumba itapimwa kwa mbao zake za asili.

— Kumbe ndiyo maana ulikuwa unaniomba machicha! — Gaudiosa alishika kiuno. — Mimi nikadhani unarutubisha maua.

— Lakini hawa wazungu nao, — alisema Mashauri. — Kwetu nyumba ikizeeka unamshukuru Mungu, unajenga ya bati. Huku inatumiwa mkaguzi kama mgonjwa. Lazima kuna kitu mle.

— Kitu gani, Injinia?

— Ile nyumba imeshika kilima. Waliichimbia nguzo hadi kwenye mwamba. Ukiing'oa, kilima kinashuka, kinafunga reli, mji mzima unachelewa kazini.

— Acha fiksi, — alisema Profesa. — Tumia akili. Ile ni nyumba ya enzi za Malkia Viktoria.

— Huku alitawala lini?

— Si lazima atawale. Mitindo husafiri. Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa nahodha, alizunguka dunia, akarudi na siri. Sasa hesabu: vipande sitini. Kwa nini sitini? Dakika sitini, sekunde sitini. Ile ni ramani, ndugu zangu. Kila ua ni bandari.

— Na yale majani?

— Maji yenye kina.

— Basi Fundi amebadilisha nusu ya bandari, — alisema Mashauri. — Meli zitapanda nchi kavu mwaka huu.

Hata Samwiri akacheka kidogo. Gaudiosa hakucheka. Alikuwa anayatazama maghorofa nyuma yao, madirisha yanayolingana kama meno ya kitana.

— Mimi nitawaambia, — alisema. — Walijenga haya haraka haraka, wakageuka, wakaiona ile, wakaona haya.

— Haya yetu nayo yatalindwa, mama, — alisema Mashauri. — Ngoja miaka tisini. Watalii watapanga foleni kuangalia jiko langu. "Hapa ndipo Injinia Mashauri alipounguza ugali."

— Huo ugali utakuwepo bado, ulivyo mgumu.

Samwiri aliwaacha wacheke. Yeye alikuwa anaufuata ukingo wa paa kwa macho, taratibu, kama mtu anayesoma. Wenyeji wa hapa huiita kazi ya namna ile furaha ya seremala, na siku ya kwanza Bibi Hedvig alipomfundisha neno hilo, aliliamini moja kwa moja. Mtu asiye na furaha hawezi kutoboa tundu mia mbili mahali ambapo mvua tu ndiyo itazigusa.

— Sikiliza, — Profesa alimsogelea. — Akikuuliza, nyamaza. Mbao haina mdomo.

— Nikinyamaza, nimempa bibi nyumba ya uongo.

— Na ukisema?

— Nimemnyima nyumba.

— Basi bora ya uongo. Ina paa.

Hapo lango la kilimani likalia. Mkaguzi alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye viatu vya mpira na kamera kifuani, daftari kwapani. Akashuka moja kwa moja hadi kwenye benchi, kwa sababu ndipo mahali pazuri pa kuitazamia nyumba. Profesa, ambaye Kiswidi chake ndicho kilichonyooka kuliko cha wote, akamkaribisha. Gaudiosa akampa kahawa bila kuuliza.

— Mnaipenda? — aliuliza msichana, akionyesha kwa kidevu.

— Tunaitazama kila wiki, — alisema Profesa. — Ni kama mzee wetu.

— Nimekagua villa nyingi, — alisema. — Nyingi zimekatwakatwa, zimebandikwa vibao vya dukani. Hii imeachwa ilivyo. Tazameni pale kileleni, chini kabisa ya ncha. Lile jani linalojikunja mdomo. Sijaliona popote nchi hii. Kwa jani lile pekee ningeandika kurasa mbili.

Samwiri akahisi masikio yanawaka. Ni jani lake. Kipande kile kilikuwa kimeoza hadi kuwa unga, hakikuwa na cha kufuatisha, na mkono wake ukachonga ulichokijua: jani changa la mgomba, linapoanza kufunguka.

— Mnajua fundi wake alikuwa nani? — aliuliza msichana.

Profesa, ambaye hajawahi kukosa jibu la swali lolote, akatazama ndani ya kikombe. Mashauri akainama kufunga kamba za kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Gaudiosa akasugua kifuniko cha chupa. Treni ikaja, ikasimama, ikaondoka.

Ilikuwa rahisi kukaa kimya. Jani lilikuwa limekwisha sema, tena vizuri. Lakini Samwiri akamwona baba yake katika karakana ile, akipitisha kidole gumba juu ya ubao, na akajua swali ambalo mzee angemwuliza: hii ni kazi ya nani? Akasimama, akavua kofia.

— Mimi, — alisema.

Msichana akacheka. Kisha akaona nyuso za wengine, akaacha.

— Lile la juu nilitunga, — Samwiri aliendelea kwa Kiswidi chake cha kuungaunga. — Mengine nilifuata. Vyangu ni vipande ishirini na vitatu. Thelathini na saba ni vya mwenzangu.

— Mwenzako yupi?

— Yule wa kwanza. Sikumwona, lakini namjua. Alitumia mkono wa kushoto, mikato yake yote inaingilia huko. Na upande wa kaskazini amechimba juu juu. Nadhani alifika kule majira ya baridi, vidole vikamuuma.

Msichana alinyanyua kamera, akatazama kaskazini ya paa kwa lenzi ndefu. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akafungua daftari, akafuta mstari mmoja, na Gaudiosa akafumba macho.

— Unaweza kunionyesha kimoja kimoja?

— Naweza hata kwa kupapasa.

— Na michoro uliyofuatishia, uliitupa?

— Iko kwangu, chini ya kitanda. Yote ishirini na miwili. Jani halina mchoro.

Akaandika. Aliandika mpaka kahawa yake ikapoa, akageuza ukurasa, akaandika tena. Aliponyanyua uso alikuwa mkali kama mwalimu.

— Vile vya mwenzako usiviguse tena. Hata msumari. Kikioza kimoja unanipigia simu kwanza, tunakuja kukiangalia pamoja, na ukiweka kipya unachonga mwaka nyuma yake. Umenielewa?

— Nimeelewa.

Akapanda kilima kumwuliza Bibi Hedvig kama ana ngazi.

— Pole, Fundi, — alisema Mashauri. — Amekufokea mbele ya watu.

— Amenikataza, — alisema Samwiri.

— Tumesikia.

— Injinia, nani anamkataza mtu kugusa nyumba ambayo itavunjwa?

Wakatazamana. Gaudiosa ndiye aliyepiga kigelegele, kimoja kirefu, na dirisha la ghorofa ya tatu likafunguliwa mtu achungulie. Samwiri hakukingoja kiishe. Alikuwa amekwisha shika njia ya kilimani, kofia mkononi, maana ngazi ya Bibi Hedvig ina kidato kimoja kibovu na msichana yule hakujua ni kipi.